Tuvilinde Visima vya Tabora na Taka za Sumu

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe katika karne ya 19 iliongozwa na maji. Wapagazi hawakuhesabu maili; walihesabu visima. Baina ya Ugogo na Unyanyembe ilikuwapo nyika kavu iliyoitwa Mgunda Mkali, na ili kuivuka iliwabidi wajaze vibuyu, waondoke mchana, walale pasipo maji, wapate kukifikia kisima cha mbele asubuhi yake. Mwendo huo waliuita tirikeza. Huko Ugogo wenye nchi walidai hongo kwa kila msafara, na maji ya kunywa yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyolipiwa. Wasafiri wa Kizungu walinung'unika sana katika vitabu vyao. Lakini mwenye kisima alikuwa na haki ya kumwuliza mpitaji amebeba nini na amefuata nini.

Swali hilo leo haliulizwi ipasavyo. Mkoa wa Tabora unapokea kila mwaka madawa ya kuulia wadudu kwa ajili ya tumbaku ya Urambo, Kaliua na Sikonge. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Nzega hutumia zebaki. Gereji za mjini zina mafuta machafu na betri zilizokufa, ambazo ndani yake mna tindikali na risasi. Vitu hivi vikiisha kazi lazima viende mahali, na mahali rahisi kuliko pote ni shimo. Kwa kawaida ni shimo lililokwishachimbwa na wengine kwa kutafuta kokoto au udongo wa matofali, na sababu pekee ya kulichagua ni kwamba lipo tayari.

Ndugu msomaji aelewe ubaya wa jambo hili. Sehemu kubwa ya Tabora imekaa juu ya mwamba mgumu wa itale. Maji ya visima hukaa katika tabaka la mwamba uliomung'unyika karibu na uso wa nchi, na katika nyufa zilizo chini yake. Ndiyo maana mwananchi mwenye jembe na sururu huweza kuyafikia. Lakini njia fupi ya jembe ni njia fupi ya sumu pia. Mvua za Novemba hadi Aprili huingia shimoni, zikaloweka taka, kisha zikashuka nazo. Katika tabaka la juu sumu husafiri polepole. Ikipata ufa, huenda upande ambao hakuna aliyeutazamia. Nyingi ya sumu hizo hazina ladha wala rangi. Mto uliochafuliwa unaweza kusafishwa na mafuriko ya msimu mmoja. Kisima hakina mafuriko.

Tunao ushahidi humu nchini. Mwaka 1986 shehena ya madawa ya kuulia wadudu, iliyotolewa msaada kutoka Ugiriki, ilipelekwa katika shamba la Vikuge, mkoani Pwani. Iliwekwa katika banda lisilofaa, na banda likaanguka. Mzigo ulikuja kuondolewa baadaye, lakini watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2004 walikuta udongo wa mahali hapo bado umejaa DDT. Huo ulikuwa mzigo uliojulikana, ulioandikwa na kutazamwa. Je, makopo yaliyofukiwa usiku nyuma ya ghala?

Wapo watakaojibu kwamba maji ya Ziwa Victoria yamekwisha kufika Tabora, kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2022, na kwa hiyo habari ya visima imepitwa na wakati. Hiyo ni hoja ya mtu anayeishi karibu na bomba. Mwaka 1971 Taifa liliahidi kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji atapata maji katika mita 400 kutoka nyumbani kwake. Miaka mingi imepita tangu tarehe hiyo, na kina mama wa vijiji visivyo na bomba wangali wanainamia kisima. Hata mjini, bomba likipasuka, watu hurudi kisimani.

Sheria zipo. Ile ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka mtoni, ziwani au bwawani. Ni jambo jema, lakini mita 60 ni kipimo cha juu ya ardhi, na maji ya chini hayajui futi kamba. Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inampa Waziri uwezo wa kutangaza maeneo ya maji ya ardhini kuwa ya kulindwa. Uwezo huo utumike Tabora kabla halmashauri yoyote haijachagua shimo. Kwanza wataalamu wa bonde waonyeshe maji yanaelekea wapi. Ndipo shimo litandikwe udongo mfinyanzi na plastiki nzito, na kuzungushiwa visima vya kupimia. Wauza madawa nao walazimishwe kupokea makopo matupu. Ghali? Bila shaka, ingawa Vikuge haikuwa rahisi.

Na majibu ya vipimo yasifungiwe kabatini wilayani. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu. Karatasi hiyo isomwe hapo, kwa Kiswahili, mbele ya wale wanaoteka maji.