Meneja Hana Saa, Ila Akichelewa

Jumapili iliyopita mhubiri mmoja hapa Dar es Salaam alitufundisha kwamba mfanyakazi anayechelewa kazini ni mwizi, na mwajiri anayemkata mshahara anachukua tu kilicho chake. Kanisa zima likaitika amina. Shemeji yangu, tuliyekaa naye benchi moja, alinyamaza.

Shemeji ni meneja wa tawi. Mwezi uliopita alikatwa mshahara wa saa tatu kwa sababu alimpeleka mtoto kliniki. Mwezi huohuo alikesha siku mbili akihesabu stoku, na Jumamosi moja aliitwa kikao kilichokwisha magharibi. Alipouliza habari za ovataimu, afisa utumishi alicheka: "Bwana, wewe meneja. Meneja hana saa."

Haya, hana saa. Sasa hizo tatu mlizomkata mmezipata wapi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka wiki ya saa 45, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Meneja anayesimamia wenzake na kuwajibika moja kwa moja kwa wakubwa wa juu hayumo kwenye hesabu hiyo. Sina ugomvi. Ila ukishamwondoa mtu kwenye saa, mwondoe asubuhi na jioni. Saa gani hiyo inayotembea saa mbili asubuhi na kufa betri saa kumi na moja jioni?

Sheria hiyohiyo haimwachii mwajiri mkasi mkononi. Hata mfanyakazi akisababisha hasara kwa kosa lake, sharti aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Foleni ya Kimara sijaiona humo. Na Wamarekani, ambao hakuna anayewasifu kwa kudekeza wafanyakazi, wana sheria ya mwaka 1938 ambayo kanuni zake ziko wazi: asiyelipwa ovataimu, kwa kawaida, hakatwi kwa kukosa saa chache za siku.

Wapo wanaosema tukiacha kukata, mameneja watakuja saa sita mchana. Jamani! Funguo za duka anazo nani? Akija saa sita, wateja watakuwa wameshaenda kwa jirani. Huhitaji mashine ya kidole kuligundua hilo.

Na hapo sijagusa grupu la WhatsApp la kazini, ambako bosi huomba ripoti saa nne usiku na kuweka alama ya viganja vilivyounganishwa, kana kwamba dua inalipa.

Turudi kwa mhubiri. Ibada yake ilitangazwa kuisha saa nne. Tulitoka saa saba kasoro. Shemeji alitazama saa yake mara mbili, kisha akatoa sadaka kamili.