Mcheza kwao hutuzwa

Katika kitabu hiki ndugu zetu wameandika juu ya mahari, juu ya mavuno, juu ya heshima ya mwami. Sisi tumechagua jambo ambalo mtu wa haraka ataona si la mila: ngoma zetu zinazoitwa Bulaya, kule Bruxelles, ili wageni wanaotembelea mji ule wapate kitu cha kuangalia jioni. Ni jambo la mila kabisa. Na tunaliandika tukiwa na hasira kidogo, mtuvumilie.

Hapa kwetu Mpofi, mpakani mwa Masisi na Walikale, kila anapofika mtu wa mjini na kamera yake, maneno ni yale yale: «Ngoma yenu iko muzuri sana, inafaa kwenda Bulaya.» Macho ya vijana yanang'aa. Hakuna anayeuliza: itachezwa mbele ya nani? Kwa muda gani? Itatajwa kwa jina la nani? Na ikirudi, itarudi na nini?

Siku moja mtu wa namna hiyo alituomba tufupishe ngoma ya siku nzima iwe ya dakika kumi. Alitaka tuvae majani, hata kama ngoma ile haichezwi na majani, na tucheke sana. Wazee walinyamaza. Kisha mmoja akamwambia: «Mwanangu, hiyo ni ngoma ya matanga. Unataka tumchekee marehemu gani?» Yule bwana akajibu kwamba haidhuru, kule hakuna atakayejua. Jibu hilo ndilo limetufanya tuandike. Hakuna atakayejua! Basi kama hakuna atakayejua, kinachopelekwa kule ni kitu gani?

Tusifikiri kwamba mambo haya yameanza jana. Mwaka 1897 mfalme Leopold wa Pili alitaka Wabelgiji waipende Kongo yake. Watu 267 wa Kongo walisafirishwa mpaka Ubelgiji kwa maonyesho makubwa. Pale Tervuren, kando ya Bruxelles, walijengewa vijiji vya kuigiza, na wageni zaidi ya milioni moja walikuja kuwatazama wakipika, wakicheza, wakivuta makasia. Saba walikufa kule kule kwa magonjwa. Majina yao yanajulikana: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Waliitwa kufurahisha mji wa watu, wakapewa kaburi la ugenini.

Mwaka 1958 Bruxelles ilifanya maonyesho mengine, yale ya Atomium. Wageni walipita milioni 40. Kijiji cha Wakongo kikajengwa tena, na mafundi wetu wakawekwa ndani kufanya kazi zao mbele ya watu. Kulikuwa na watazamaji waliowatupia ndizi. Lakini safari hii mafundi hawakungoja mwisho. Walikataa, wakarudi nyumbani kabla maonyesho hayajafungwa. Tunawaheshimu sana watu wale. Walituachia fundisho kwamba hata mcheza ngoma ana haki ya kushusha ngoma chini.

Kisha ikaja safari ya namna nyingine. Januari 1960, wakubwa wetu walipokuwa Bruxelles kwenye mkutano wa Meza ya Mviringo kutafuta uhuru, Joseph Kabasele na African Jazz walifika kuwapigia muziki usiku. Hiyo nayo ilikuwa starehe ya usiku katika mji mkuu wa Bulaya, tena ndani ya hoteli. Lakini walipiga mbele ya Wakongo wenzao, kwa neno lililowahusu wote, na «Indépendance Cha Cha» ikarudi nyumbani ikachezwa Afrika nzima. Mji ulikuwa ule ule, Bruxelles. Kilichobadilika ni mwenye ngoma: mwaka 1897 ngoma ilikuwa ya aliyeita, mwaka 1960 ilikuwa ya aliyepiga.

Hatusemi Bruxelles ya leo ni ile ya 1897. Ndugu zetu wamejijengea mtaa wao, Matonge, karibu na Porte de Namur, kwa jina la Matonge ya Kinshasa. Mgeni anayetembelea mji ule anakwenda huko kusuka nywele, kununua sombe na kitenge, kusikia rumba. Tangu 30 Juni 2018 kuna kiwanja chenye jina la Patrice Lumumba pale pale. Makumbusho ya Tervuren, yaliyofungwa miaka mitano, yalifunguliwa tena Desemba 2018, na ndani yake mchongaji wa Kinshasa, Freddy Tsimba, ameyarudisha majina ya wale saba yaonekane ukutani, juu ya majina ya Wabelgiji waliofia Kongo. Ni kazi nzuri. Na rumba yenyewe iliandikwa na UNESCO mwaka 2021 kuwa urithi wa watu wote. Tunafurahi. Lakini rumba ina watu wake Kinshasa na Brazzaville wanaoicheza kila jioni. Haitegemei kuonwa na mgeni ili iishi. Ngoma zetu za huku je?

Tunajua tutakavyojibiwa. Watasema: «Muko na wivu. Ngoma isiyoonwa inakufa. Na vijana watakula nini?»

Juu ya kula, hatubishani. Anayecheza alipwe, tena alipwe vizuri, kwa mkataba uliosomwa na wote. Lakini kusema kwamba ngoma inakufa kwa sababu mzungu hajaiona, huo ni uongo. Ngoma inakufa wakati hakuna mtoto anayejifunza. Tuchukue mfano wetu wenyewe, karisi, hadithi ndefu ya mashujaa wa Wanyanga. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke aliimba karisi ya Mwindo mbele ya Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyekuwa akichunguza mila za huku. Ilichukua siku kumi na mbili. Mzee aliimba, alisimulia, alicheza, mkononi kibuyu chenye mbegu, vijana walipiga vijiti kufuata mwendo wake, waliokaa waliitikia. Mwaka 1969 Biebuyck na Kahombo Mateene, mtoto wa Wanyanga, walitoa kitabu chake, kikachapwa Marekani kwa Kiingereza. Leo mwanafunzi wa Chicago anaweza kumsoma Mwindo katika kitabu. Mwanafunzi wa Mpofi atamsoma wapi?

Tuangalie pia ile hesabu. Siku kumi na mbili, na sisi tunaombwa dakika kumi! Ukikata karisi hivyo, Mwindo atazaliwa, atapiga kelele, basi, taa zitazimwa. Hatafika kwa shangazi yake Iyangura. Hatagombana na baba yake wala kupatana naye. Mgeni atapiga makofi, ataenda kunywa bia yake, na atasema amemwona Mwindo. Hakumwona.

Na makofi yale si sawa na kuitikia kwetu. Hapa nyumbani mtazamaji ana kazi. Mwimbaji akiruka sehemu, mama mmoja atamwambia: «Rudi, umesahau.» Akifanya vizuri, mtu atasimama amtuze. Wahenga waliposema mcheza kwao hutuzwa, walikuwa na maana zaidi ya zawadi. Kwao ndiko kuna watu wanaojua afanye nini ili astahili zawadi. Huko ugenini anaweza kukosea kila usiku na kusifiwa kila usiku. Baada ya miaka mitano kosa linakuwa ndiyo ngoma yenyewe, linarudi kijijini na viatu vipya, na watoto wanaliiga kwa sababu limetoka Bulaya. Hapo ndipo tunapoogopa.

Tunaogopa pia kwa sababu wanaoweza kusema «umesahau» wanapungua. Tangu vita vya mwaka 1993 watu wa Masisi na Walikale tumekimbia mara ngapi? Mwaka 2025 tena tulikimbia. Mzee anayekufa kambini, chini ya shitingi, mbali na wajukuu, anakwenda na nyimbo zake. Wakati huo huo tunatafuta viza kwa ajili ya vijana wanne wanaojua kuruka tu.

Basi tunapendekeza, na tunaomba bakungu na wakubwa wa shirika wayapime maneno haya. Kwanza, ngoma isiende Bulaya kama haijachezwa nzima hapa kwetu mwaka ule ule, mbele ya wazee na watoto wa shule. Pili, mambo ya kambi ya tohara yasitoke kabisa. Siri haiuzwi tiketi. Tatu, kila pahali itakapochezwa, jina la ngoma, la kijiji na la mwimbaji litajwe, kama tunavyotaja leo jina la Rureke. Nne, kama inafupishwa, wenye ngoma ndio wachague pa kukata, na watazamaji waambiwe kwamba wameonjeshwa tu. Tano, sehemu ya franga irudi kulipa wazee wanaofundisha. Na picha na sauti zilizochukuliwa, nakala zirudi pia.

Wasiotaka masharti haya, wabaki na kamera zao. Mafundi wa mwaka 1958 walirudi nyumbani bila kuomba ruhusa, na jua lilichomoza kesho yake.

Tumalizie na Mwindo, kwa maana yeye pia alisafiri. Kabutwa-kenda, aliyezaliwa akitembea, alijisifu mno, akamwua joka Kirimu aliyekuwa rafiki ya Nkuba, mwenye radi. Nkuba akamnyanyua mpaka juu kwenye baridi, kwa Mvua, Mwezi na Jua. Alikaa mwaka mzima. Kule hakuna aliyemchezesha, alifundishwa. Aliporudi Tubondo aliita watu wake, akawapa amri: walime mazao ya kila namna, wasigombane, wasimcheke kilema, wampokee kila mtoto anayezaliwa. Watu walimjua kwa yale aliyorudi nayo.

Vijana wetu, kama mnakwenda Bruxelles, mwende salama. Tutawasindikiza mpaka njiani. Lakini siku mtakaporudi tutakaa hapa barzani, tutawaambia mcheze, na bibi zenu watakuwa wanasikiliza.