Lenzi Gani Tuinunulie Darubini Yetu?

Kaka zetu wa zamani wametuletea fedha za kutosha lenzi moja ya jicho, si mbili, na wametuachia sisi wenyewe tuchague. Tangu habari hizo zisomwe, mabwenini hakuna neno jingine. Wengi katika Chama cha Sayansi wataka lenzi ya milimita 4, kwa kuwa ndiyo inayokuza kupita zote. Mimi sikubaliani nao, na naomba nafasi katika gazeti letu nieleze kwa nini.

Kwanza hesabu, maana wadogo zetu wa kidato cha kwanza nao watapiga kura. Chukua umbali wa fokasi wa darubini, ugawe kwa umbali wa fokasi wa lenzi ya jicho. Jibu ndilo kiasi cha kukuza. Darubini yetu ina milimita 900. Lenzi ya 10 tuliyo nayo yakuza mara 90. Ile ya 4 itakuza mara 225, na ya 32, ambayo ndiyo ninayoitetea, mara 28 tu. Najua mtacheka. Lakini Galileo aliiona miezi minne ya Mshtarii mwezi wa Januari 1610 kwa chombo kilichokuza yapata mara 20, na vioo vyake vilikuwa vibovu kuliko hivi vyetu.

Kioo kikubwa cha darubini yetu kina upana wa milimita 114. Mwanga kinaoukusanya ni ule ule, hata tukitia lenzi gani. Ukitoka 90 kwenda 225, mwanga huo watandazwa mahali panapozidi mara sita, na kitu huwa kikubwa lakini hafifu, kama chai iliyoongezwa maji ili itoshe wageni. Desturi ya watazamaji wa nyota ni kutopita mara mbili kwa kila milimita ya upana. Kwetu ni 228. Basi lenzi ya 4 yatufikisha ukingoni kabisa, nasi tutaitumia usiku ule tu hewa inapotulia sana. Hewa ya hapa jioni haitulii: mabati na saruji vilivyochomwa na jua mchana kutwa hutoa joto, na sayari hutetemeka kama jiwe chini ya maji ya mto. Na sanduku la darubini limeandikwa 675! Wameipata kwa kuizidisha 225 mara tatu kwa lenzi nyingine. Hesabu ni kweli, ila jicho halioni kitu.

Lakini hoja yangu kubwa si mwanga, ni foleni. Darubini yetu haina mota. Husukumwa kwa mkono, na mbingu huzunguka nyuzi 15 kwa saa. Lenzi ya aina ya Plössl (Georg Simon Plössl wa Vienna aliibuni mwaka 1860) huonyesha uwanja wa nyuzi kama 50, nao wagawiwa kwa kiasi cha kukuza. Kwa 225, nyota iliyo juu ya ikweta hupita toka ukingo hadi ukingo kwa sekunde 53. Kwa 28, hukaa dakika 7. Sasa fikirini Jumamosi usiku, wanafunzi arobaini wamepanga mstari, mdogo mmoja amepanda juu ya kiti, bado atafuta pa kuweka jicho, na Mshtarii amekwisha kwenda zake. Anayemfuata aona giza tupu, aona haya kusema, ajibu, “Nimeona.” Nimesikia “Nimeona” za namna hiyo nyingi mno.

Tena wako wenzetu wavaao miwani. Plössl ya 4 yataka jicho lisogee mpaka milimita tatu hivi za kioo chake. Kope hukigusa na kukipaka mafuta. Ya 32 yaacha nafasi ya milimita 20 hivi, na mwenye miwani hana haja ya kuivua. Au chama hiki ni cha wenye macho mazima peke yao?

Mtaniuliza, “Na pete ya Zohali?” Hiyo tunayo. Lenzi yetu ya 10 yaionyesha vizuri. Mwaka 2025 ilitugeuzia ukingo ikawa kama uzi, na sasa yazidi kufunguka. Tusichonacho ni upana: Kilimia pamoja na nyota zake kubwa zote, Mwezi mzima na giza likiuzunguka, na lile fundo la nyota liitwalo Omega Centauri, ambalo watu wengi wa Ulaya hawalioni kabisa kwao na kwetu hupanda juu ya miti. Tukipata fedha nyingine, nitaunga mkono ya 15 kabla ya hiyo ya 4.

Jambo moja zaidi, ingawa si la kura. Kile kioo cheusi cha kutazamia jua, kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho, kitolewe sandukuni kivunjwe. Joto la jua laweza kukipasua wakati jicho li papo hapo.

Kura ni Ijumaa baada ya masomo. Lenzi nyingi huwa na shingo ya milimita 31.7, lakini darubini nyingine za bei nafuu zina tundu la 24.5, na dukani hawatarudisha fedha. Mwenye rula nzuri aje nayo, tupime kwanza.