Tosamaganga si ya kupigia picha tu

Wanachuo wenzangu, ikitajwa tripu wote tunawaza Ruaha au Isimila. Sawa. Lakini ni wangapi tumewahi kupanda gari kwenda Tosamaganga, hapo tu nje ya mji wa Iringa?

Mimi nilienda mwezi uliopita na wenzangu wawili. Tukapiga picha kanisani, tukageuka kuondoka. Mzee aliyekuwa anafagia akatusalimia, "Kamwene, wajukuu. Mmeona nini?" Tukabaki kimya. Nasoma ualimu wa historia, na jibu sina!

Misheni ile ilianzishwa na Wabenediktini wa Kijerumani wakati Mkwawa, aliyefariki 1898, bado yupo porini anapigana. Mwaka 1919, baada ya vita kuu, wakaja wamisionari wa Consolata kutoka Italia. Hayo yameandikwa. Lakini matofali hayakujipanga yenyewe. Nani aliyafyatua? Nani alibeba mbao? Majina hayo wanayo wazee waliosimuliwa na baba zao, na wazee wanaondoka.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya wakoloni, tuyaache. Sikubali. Wageni walileta ramani, jasho ni la babu zetu.

Kwa hiyo kabla hujaenda mazoezi ya kufundisha, nenda. Piga hodi parokiani, omba ruhusa, beba daftari. Picha utapiga mwishoni. Siku mwanafunzi wako atakapouliza nani alijenga, usimjibu "Wajerumani" halafu ukafuta ubao.