Harufu ya Ndizi Isiyotoka Mgombani

Natoa maoni yangu juu ya ubishi uliotushughulisha sana bwenini muhula huu. Ubishi wenyewe ni huu: peremende inukiayo ndizi, iliyoandikwa kwamba ina "ladha ya asili", na kumbe hakuna ndizi hata moja iliyomenywa kwa ajili yake, je, ni halali au ni ulaghai? Wenzangu wengi wasema ni ulaghai mtupu. Mimi nasema kazi yenyewe ni halali. Kasoro imo katika maandishi.

Yafaa kwanza tujue harufu hiyo yatoka wapi. Katika ndizi mbivu mna vitu vingi vinukiavyo, lakini kilicho mashuhuri ni esta iitwayo isoamili asetati. Sisi wa Kidato cha Sita twajua kutengeneza esta maabarani: alkoholi, asidi ya siki, matone machache ya asidi kali ya salfuriki, kisha joto, na mara harufu yajaa chumba kizima. Lakini esta ya namna hiyo, ijapokuwa molekuli yake haina tofauti na ile ya ndizi, sheria ya Ulaya ya mwaka 2008 haikubali iitwe ya asili. Sheria hiyo yataka malighafi itoke katika mimea, wanyama au vijidudu, na kazi ifanywe kwa kukamua, kutoneza na njia kama hizo, au kwa vimeng'enya, au kwa vijidudu. Asidi ya salfuriki haimo.

Hapo ndipo lipesi inapoingia. Lipesi ni kimeng'enya ambacho kazi yake ya kawaida ni kuvunja mafuta, hata matumboni mwetu. Lakini kikiwekwa mahali penye maji machache mno, hugeuza kazi kikaunganisha alkoholi na asidi kuwa esta. Lipesi isifiwayo sana hutokana na hamira iitwayo Candida antarctica, ambayo asili yake ni bara la barafu la kusini. Kimeng'enya hicho hukamatishwa juu ya punje ndogo za plastiki, na punje hizo hujazwa ndani ya bomba. Pampu husukuma alkoholi na asidi kuingia upande mmoja, na upande wa pili esta hutoka mfululizo, usiku na mchana.

Kwa nini bomba, wala si pipa? Kwa sababu kimeng'enya ni ghali. Katika pipa, mashine ya kukorogea huzisaga punje, na kila baada ya kazi ni lazima kuchuja na kuanza upya. Ndani ya bomba zimetulia, na joto la nyuzi 40 hadi 60 latosha. Hata hivyo msidhani ni kazi ya mteremko. Siki ikizidi ukali hudhoofisha kimeng'enya, na maji yanayozaliwa pamoja na esta huirudisha kazi nyuma yasipoondolewa. Wala wazo hili si geni: tangu mwaka 1969 kampuni ya Tanabe Seiyaku ya Japani ilitumia kimeng'enya kilichofungwa hivyo kutengenezea amino asidi kiwandani.

Na alkoholi yenyewe? Panapotonezwa spiriti ya molasi ya miwa hubaki mafuta yenye harufu ya kuchukiza, yaitwayo fuseli, na humo ndimo ilimo. (Nani angedhani kwamba uvundo ule ndio mama wa harufu ya ndizi!)

Rafiki yangu mmoja aliniuliza: ikiwa molekuli ni ile ile, mnunuzi alipia nini zaidi? Swali zuri. Alipia chimbuko. Mafuta ya petroli yamekaa ardhini mamilioni ya miaka, hayana tena kaboni 14. Muwa wa mwaka jana unayo. Kwa kipimo hicho wapimaji huwakamata wauzao esta ya petroli kwa bei ya asili. Basi chimbuko lapimika, si maneno ya biashara tu.

Lakini mama anunuaye peremende dukani hana mtambo wa kupimia kaboni. Ana macho, naye aona picha ya ndizi. Sheria ile ile ya Ulaya yasema anayeandika "ladha ya asili ya ndizi" sharti asilimia 95 au zaidi ya ladha hiyo itoke katika ndizi; akiandika "ladha ya asili" tu, yaweza kutoka popote. Ni nani, isipokuwa mwanasheria, atakayeona tofauti hiyo? Vanila nayo ni vivyo hivyo. Mkulima wa Bukoba huchavusha kila ua kwa mkono wake, kisha hungoja miezi mingi podo likomae. Vanilini nyingine hutengenezwa na vijidudu kutokana na pumba za mchele, nayo pia huitwa ya asili. Siichukii, maana vanila ya shamba haitoshi dunia nzima. Ninalokataa ni jasho la mkulima na kazi ya vijidudu kufichwa chini ya neno moja, huku picha ya ua ikipamba karatasi. Iandikwe wazi: "imetoka katika ndizi", au "imetengenezwa kwa kimeng'enya kutokana na miwa".

Nashauri Chama cha Sayansi kifanye mdahalo juu ya hoja hii muhula ujao. Na wazazi watakaokuja Siku ya Wazazi nawaomba walete karatasi za peremende na chupa za soda zilizoko nyumbani, tuzisome pamoja.