KUTOKA MPAKANI: Bei ya rafuni ni ahadi
Na Nafula Wandera

Mzee aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni ya supamaketi Jumamosi iliyopita alikuwa amevuka kutoka upande wa Uganda. Tulisalimiana, akaniambia amekwisha kubadilisha pesa kwa vijana wa kando ya barabara pale Busia, na amebadilisha kiasi cha mahitaji yake tu: sukari kilo mbili, mche wa sabuni na mkate. Mkononi alikuwa na shilingi 520, zimekunjwa pamoja.

Sukari ilipopita kwenye mashine, binti wa kaunta akasema, "Mzee, inasoma 305."

"Mwanangu, pale imeandikwa 289."

"Hiyo ni bei ya zamani. Hawajabadilisha karatasi."

Nyuma yetu mtu akasonya. Mzee alizitazama noti zake, akautazama mkate, kisha akausogeza kando kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayemwondolea mgeni sahani. Nilimnyooshea shilingi 20. Akanishukuru kwa adabu zote, akakataa. "Mihogo ipo nyumbani, mama."

Shilingi 16 zilimnyima mzee mkate. Tangu siku hiyo roho yangu haijatulia.

Sisi watu wa Bumala, Busia na Malaba tunajua kununua. Tumezaliwa mpakani, mtoto wa hapa hujifunza kuhesabu kwa shilingi za nchi mbili. Hata neno bodaboda, ambalo sasa linatumika kote Afrika Mashariki, lilianzia kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu na mizigo mpakani huku. Sokoni tunapatana bei. Mama wa omena akitaja yake, nami nataja yangu. Ananiambia nisimuue, namwambia nina watoto. Mwishowe anajaza gorogoro, halafu anatupia kiganja kimoja juu. Ile nyongeza hailipiwi. Ndiyo inayonirudisha kwake wiki ijayo.

Supamaketi ilipokuja ilitutaka tuache hayo yote. Hakuna kupatana, hakuna nyongeza, hakuna salamu ya "mulembe" wala "yoga noi" mlangoni, ila askari anayekuonyesha pa kuacha mkoba wako. Tulikubali kwa sababu tulipewa kitu kingine badala yake: bei iliyoandikwa, ileile kwa tajiri na maskini, kwa mwenyeji na mgeni. Basi karatasi ile ya rafuni ndiyo mapatano yetu yote. Ikisema 289 na mashine ikasema 305, mwenye duka amevunja mapatano baada ya mimi kufunga mdomo wangu.

Najua mwenye duka hujibu kwamba ni kusahau tu, bidhaa ni nyingi na bei hupanda kila mara. Nakubali. Lakini aliyesahau ni nani, na anayelipia usahaulifu huo ni nani? Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mteja haki ya kupewa habari anazozihitaji na ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Kulinda Wateja ikafuata mwaka 2012. Kwa hiyo binti wa kaunta angepaswa kuwa na ruhusa ya kusema, "Karatasi yetu imekosea, mzee, lipa 289." Hana ruhusa hiyo. Lazima amwite msimamizi, msimamizi atafute funguo, foleni isimame, na mwishowe mteja anayedai haki yake aonekane mkorofi mbele za watu. Wengi wetu huona heri kulipa.

Halafu kuna chenji. Bei zinaishia na tisa, kisha duka halina shilingi moja ya kurudisha. Unapewa peremende. Sikuomba peremende. Na siku ambayo mimi nitapungukiwa na shilingi moja, nani atapokea peremende yangu? Kama sarafu zimekwisha, andikeni deni nyuma ya risiti, mtie sahihi, nije nilidai. Mama wa omena hana mashine wala risiti, lakini aliwahi kunipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara, matatu zikipita kati yetu, kwa sababu alikuwa na shilingi 10 zangu za wiki iliyotangulia.

Mfuko nao nataka niulizwe kwanza. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 28 Agosti 2017 nimezoea kubeba kikapu changu, na sipendi kukuta mfuko kwenye risiti.

Ila wateja nasi tuna yetu, na hapa nasema na jirani zangu. Mtu anaweka troli tupu kwenye foleni, "nashikia laini," kisha anaenda kuzunguka duka zima. Mwingine anabadilisha nia kuhusu nyama na kuiacha katikati ya sabuni, ikae hapo mpaka ioze. Na yule anayeongea na simu kaunta, anamtupia keshia noti bila kumtazama usoni! Binti yule amesimama tangu asubuhi. Ni mtoto wa mtu, pengine wa kijiji cha pili kutoka kwako. Bei hakuipanga yeye. Hasira zetu za karatasi ya rafuni zinamwangukia yeye kwa kuwa ndiye aliye karibu, nami siku ile nilimjibu kwa ukali ambao hakustahili. Nilirudi Jumatatu kumwomba radhi. Alicheka, akashika mkono wangu kwa mikono miwili.

Kabla ya kutoka nilipita kwenye rafu ya sukari. Karatasi ya 289 ilikuwa bado ipo.