Mlimani usiende na akili za Kaole

Nikisema Kaole, wengi wa rika langu mnakumbuka lile kundi la maigizo la kwenye runinga. Leo naongelea Kaole yenyewe, kijiji kilicho kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo, penye magofu ya msikiti wa karne ya 13. Jumapili nilikuwa huko na rafiki yangu. Jua linawaka, shati limenigandia mgongoni, jamaa ananiuliza: "Kaka, Aprili napata likizo, nataka kupanda Kilimanjaro. Nibebe nini?"

Nikamjibu: anza kwa kubadilisha mwezi.

Jamani, sisi watu wa mjini tunapanga safari kwa kuangalia likizo na mshahara, mvua hatuiulizi. Masika ni Machi mpaka Mei. Huko mlimani maana yake ni tope msituni, mawingu kutwa, na theluji juu. Miezi mizuri ni Januari mpaka mwanzoni mwa Machi, halafu Juni mpaka Oktoba.

Jambo hili si geni hapo tulipokuwa tumesimama. Burton na Speke waliondokea Kaole kwenda bara Juni 1857, masika yamekwisha. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, mvua zikamkuta njiani, akateseka kwenye matope ya Makata.

Msidhani najifanya mjuaji. Mimi mwenyewe niliwahi kwenda Lushoto mwezi Julai na fulana mbili na ndala. Usicheke. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi 6 hivi, na Lushoto iko kwenye mita 1,400. Usiku wa kwanza mama mwenye nyumba alinihurumia, akaniazima sweta lake la maua. Nililivaa siku tatu. Sasa piga hesabu ya Kibo, mita 5,895.

Kwa hiyo beba jaketi lisilopitisha maji, sweta zito, soksi nene, glavu, kofia ya kufunika masikio, tochi ya kichwani na mafuta ya kujikinga na jua. Fulana ya pamba iache, ikilowa jasho haikauki upesi na baridi inaingia mwilini. Viatu viwe ulivyokwisha kuvizoea, usinunue leo ukapandie kesho. Huna hela? Nenda mitumba ya Ilala asubuhi na mapema, makoti ya Ulaya yamejaa na huku pwani hayana wateja wengi.

Lakini swali kubwa rafiki yangu hakuliuliza. Mzigo huo nani ataubeba, na yeye amevaa nini?

Niliwahi kufika geti la Marangu kikazi. Nikaona wageni wamejifunika mpaka pua, na nyuma yao kijana wa umri wangu, begi la mtu kichwani, miguuni raba zilizochanika vidole vinachungulia. Baridi ya juu haichagui aliyelipa na anayelipwa. Wapagazi wamekufa kwenye mlima ule, na habari zao hupata mistari michache tu magazetini. Nayasema haya nikiwa mmoja wa wanaoiandika.

Wapagazi wa misafara ya Bagamoyo walibeba kama frasila mbili kila mmoja, zaidi ya kilo 30. Leo kanuni za Kilimanjaro zinataka mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20. Ni hatua, lakini kanuni inahitaji mtu wa kuiuliza. Kabla hujalipa kampuni, uliza: wapagazi wanalipwa shilingi ngapi kwa siku? Wanakula mara ngapi? Wanalala wapi? Wana makoti na viatu? Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, tafuta kampuni nyingine. Ukipata bei rahisi kupita kiasi, jua kuna mtu anailipia kwa mwili wake.

Tusiwaachie wageni kutoka Ulaya peke yao kuuliza maswali haya. Wapagazi ni kaka zetu, tunaongea nao lugha moja.

Jamaa yangu amesogeza safari mpaka Septemba. Jana amenitumia orodha ya mizigo yake, na humo ameongeza jozi mbili za glavu ambazo si zake. Kilichobaki tunabishana kuhusu kompyuta. Namwambia iache nyumbani, itaongeza kilo kwenye kichwa cha mwenzako.